Siku besi ilipotoroka harusini

Hii ni ya mwaka 2011, msimu ule wa harusi ambapo kila wikiendi hapa Tanga ukipita Ngamiani lazima ukute barabara moja imefungwa, maturubai juu, viti vya plastiki chini. Nilikua napiga gitaa la besi kwenye kikundi cha taarabu cha mtaani, kidogo tu, kinanda, gitaa la solo, tumba, mimi, waimbaji watatu, na fundi mitambo mmoja ambaye ndo huyo huyo dereva wa pikapu. Jina la kikundi naliacha, wengine bado tunakutana sokoni.

Kwa asiyeijua taarabu ya Tanga, besi kwetu sio kitu cha kujazia. Unguja wana lile dablibesi linasimama kama mtu, sisi toka enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star ni gitaa la besi la umeme, ndo maana taarabu ya Tanga mtu anainuka anacheza. Na mji wenyewe huu ulikua na bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo masikio ya watu yameshazoea besi iliyonyooka, ukibabaisha tu mama wa watu anakugeukia palepale anakuuliza, wewe kijana umekula?

Sasa mimi shida yangu ilikua nguvu. Nilikua na kichwa cha amplifaya cha wati 300, mtumba wa Kariakoo, na boksi moja la spika ya inchi 15. (Kabla ya hicho niliwahi kuunguza kimoja kilichotoka Japani, umeme wao ni volti 100, mimi nikakichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma, kilidumu sekunde kama mbili, harufu yake naijua mpaka leo.) Ndani chumbani boksi moja linatosha sana. Ila barabarani, hakuna kuta, besi inasambaa inakwenda zake, waya wa E, ule mnene kuliko yote, ukiuacha wazi unatoa mitetemo 41 kwa sekunde, sauti nzito hivyo inahitaji spika isukume hewa nyingi kweli kweli la sivyo waliokaa viti vya nyuma wanaona vidole vyako tu vinacheza.

Nyuma ya amplifaya kulikua na matundu mawili ya spika na maandishi kwamba isipungue omu 4, omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Boksi langu lilikua omu 8. Hesabu hii nilikua naijua vizuri na nilikua najivunia kuijua, ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba unapata omu 4, amplifaya inatoa nguvu zake zote na haiungui. Ukiweka mbili za omu 4 unapata omu 2, hapo umeshajiua. Watu wengi niliwaona wanaunguza vyombo kwa kutojua hilo, na wengine wanaungia spika kwa waya wa gitaa, ule mwembamba, unapata moto kama pasi. Mimi nilinunua waya mnene wa spika kabisa, mita tano.

Basi zamu yangu kwenye mchezo ikafika, tulikua tunacheza watu kumi elfu thelathini thelathini, nikashika laki tatu zangu nikaenda moja kwa moja kununua spika nyingine ya inchi 15, ya omu 8, imetumika lakini karatasi yake nzima. Boksi nikapeleka kwa seremala Makorora, plaiwudi nene, ndani nikabandika vipande vya godoro kuukuu. Spika nikafunga mwenyewe usiku na risasi nikachoma mwenyewe, umeme umekatika, mke wangu ananishikia tochi ya simu na kulalamika, nyaya zenyewe za taa, zote mbili nyeupe. Umeme uliporudi nikalijaribu lile jipya peke yake. Aise. Vikombe kabatini vikaanza kugongana, mama mwenye nyumba akatoka na upawa mkononi akauliza kuna lori limepita uani au vipi.

Jumamosi nikakodi guta likabeba maboksi mawili mpaka ilipo harusi. Nikayapandisha moja juu ya jingine, kichwa juu yake, yani linanizidi urefu. Watoto wakazunguka. Mpiga tumba akapiga picha. Chini nikapanga pedali zangu mbili, kompresa na korasi, ingawa korasi, ile ya kuyumbisha sauti, kwenye taarabu naona ni ya kuonja tu kama pilipili ya mbilimbi, ukiiachia wimbo mzima besi inakua kama ya mtu aliyelewa. Kompresa ndo ya maana, inasawazisha, pale vidole vilipochoka inabeba.

Wimbo wa kwanza tukaanza. Nikapiga. Besi hakuna.

Sio kwamba kimya. Nilikua nasikia kucha zangu kwenye nyuzi, tik, tik, tik, kama mtu anahesabu kokoto, lakini ule mwili wa sauti, ule unaokupiga tumboni, haupo. Nikaongeza sauti. Tik, tik ikawa kubwa. Nikazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, taa nyekundu ya amplifaya ikaanza kukonyeza, bado. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, basi besi yangu ilikuja leo ikaondoka leo leo.

Kati ya wimbo wa kwanza na wa pili nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza jenereta, nikamwambia fundi mitambo umeme wako mdogo, akanionesha taa zote zinawaka na mikisa inafanya kazi, waimbaji wanasikika mpaka barabara ya pili. Nikaomba basi anipitishie besi kwenye spika zake, akacheka, mikisa chaneli nane zote zimejaa na spika zenyewe ni za sauti ya watu tu. Nikahamia kwenye pedali, nikatoa betri ya kompresa, ile ya mraba ya volti 9, nikailamba. Ikaniuma ulimi vizuri tu, maana yake nzima. Nikazitoa pedali zote nikachomeka gitaa moja kwa moja. Tik, tik. Mwisho nikamgeukia mpiga kinanda, na hili mpaka leo linanikera, nikamwambia mbele ya watu kwamba mkono wake wa kushoto ndo unanifunika, apige juu huko aniachie chini. Kijana wa watu hakujibu, akaondoa mkono wa kushoto akauweka kwenye goti. Sasa ikawa hakuna besi ya kinanda wala ya gitaa.

Mwimbaji wetu mkubwa, tulikua tunamwita Bi Mkubwa, akaja akaniinamia kwenye sikio huku anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Mwanangu, lile boksi moja la wiki iliyopita lilikua linanishika kiuno. Leo umeleta mawili, mbona nimesimama peke yangu?"

Ukafika wimbo wa tatu, wa mafumbo, ule ambao kila mwanamke anajua umeimbiwa jirani yake. Hapo ndo wanainuka kutunza. Wakaja kwa mstari, madera ya sare ya zambarau, noti zinapepea juu ya vichwa, na mmoja, mtu mzima mwenye mwili wake, akapitia upande wangu kwa sababu mbele kumejaa. Ana kiatu cha kisigino. Waya wangu mnene wa mita tano ulikua umelala pale. Mguu ukaingia, kisigino kikavunjika, mama akashikilia turubai hakuanguka, na jeki ya boksi jipya ikachomoka ikarushwa huko.

Na besi ikarudi.

Yani ghafla, katikati ya mstari, duuuum. Nilishtuka nikakosa noti. Meza ya keki ikatetemeka, vigelegele vikapigwa, watu wakadhani tumepanga, Bi Mkubwa akageuka akaniangalia kwa jicho la finally umeamka. Yule mama mwenyewe akavua kiatu cha pili akacheza peku. Mimi naangalia jeki iko chini kwenye mchanga, boksi jipya halina umeme, linalofanya kazi ni lile la zamani peke yake, tena kwa omu 8 ambapo amplifaya inatoa nguvu pungufu. Nguvu imepungua na besi imeongezeka, nikaona hii sasa ni mambo ya Pemba.

Mapumziko ya chakula sikula. Nikachomeka boksi jipya, besi ikafa. Nikachomoa, ikafufuka. Nikasema basi jipya bovu, nikachomoa la zamani nikaliacha jipya peke yake, likanguruma vizuri kabisa. Kila moja peke yake zima, yakikutana maiti. Kama wake wenza, kila mmoja kwake mchangamfu, wakikaa sebule moja hakuna anayefungua mdomo. Nikamaliza usiku na boksi moja, la pili limekaa pale kama kabati la nguo.

Jumapili asubuhi nikayapeleka yote kwa mzee mmoja fundi redio, kibanda chake kilikua Ngamiani hukohuko, mtu wa redio za mkulima na feni, gitaa hajawahi kushika. Nikaanza kumueleza habari za omu, akaninyamazisha kwa mkono. Akaniomba betri. Nikampa ile ile niliyoilamba. Akafungua nyuma ya boksi la zamani, akaunga vipande viwili vya waya, chanya ya betri kwenye tundu la chanya, akagusa na kuachia, tup. Akaniambia angalia karatasi ya spika. Ikaruka mbele, kama mtu anatoa kifua. Akahamia boksi jipya, akagusa vilevile. Tup. Karatasi ikarudi ndani.

Akarudia mara tatu, nafikiri mara mbili za mwisho ilikua ni kwa kunifurahia tu. Mbele. Ndani. Mbele. Ndani.

"Huyu anasema nenda, huyu anasema njoo," akasema. "Hewa imsikilize nani?"

Nyaya zangu nyeupe mbili. Usiku ule nilichoma risasi palipokua karibu na mkono, chanya ikaenda kwa hasi, na spika ikiwa peke yake haijali, mbele kwanza au nyuma kwanza sauti ni ile ile, ndo maana kwangu iligonganisha vikombe. Ila zikiwa mbili zinapiga noti moja, hii inasukuma hewa wakati ile inaivuta, zinafutana. Na zinafutana zaidi huku chini kwenye uzito, sababu wimbi la E ni refu, mita nane hivi, mbele ya wimbi la ukubwa huo spika zilizopandana ni kama kitu kimoja tu. Sauti za juu mawimbi yake mafupi, hazikutani sawasawa, zinaponyoka. Ndo zile tik tik. Kwa hiyo nilipozungusha kitufe cha besi mpaka mwisho nilikua naongeza pande zote mbili za ugomvi.

Alibadilisha nyaya mbili pale pale, moto wa pasi yake ya risasi ulichukua muda mrefu kuliko kazi, akapaka rangi ya kucha nyekundu kwenye chanya ya kila boksi, sijui kibanda cha redio kilipataje rangi ya kucha. Tukaunga yote mawili kwa amplifaya, nikapiga E wazi, na misumari iliyokua kwenye kopo mezani ikaanza kutembea. Akataka elfu tatu.

Kwa mpiga kinanda nilikwenda jioni na soda mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho na stori yote ya betri, alafu akaniuliza, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto nirudishe? Nikamwambia rudisha ndugu yangu. Alirudisha, ila kwa kama mwezi mzima kila nikikosea noti alikua ananyanyua huo mkono juu wageni wote wauone.

Nilipokua nafunga maboksi kwenye guta pale kwa mzee, alitokea kijana kwenye baiskeli akauliza mpiga besi wa jana ni yupi. Wakanionesha. Akafungua mfuko wa rambo akatoa kiatu kimoja, cheusi, hakina kisigino, akasema mama amesema waya ulikua wako. Nikamuuliza kiatu shilingi ngapi, akasema elfu kumi na nane. Nikambembeleza apunguze akasema yeye katumwa tu. Nikalipa, na kiatu akaniachia.