Togakushi: waliniambia nianzie chini, nikaanzia juu

Kila niliyemuuliza hapa Japani alinijibu jambo lile lile: Togakushi inaanzwa chini. Mahekalu ya Kishinto ni matano, yametawanyika mlimani, basi yafuate kwa mpangilio: Hokosha, Hinomikosha, Chusha, ndipo Kuzuryusha na Okusha kule juu. Ushauri wa watu wenye magoti ya kukopesha! Mara ya kwanza niliufuata. Hokosha peke yake ina ngazi za mawe zaidi ya 200. Nafika Chusha miguu inatetemeka, foleni ya chakula imezunguka nyumba, na Okusha nikaishia kusimuliwa na waliotoka huko.

Safari nyingine nikaipindua. Nilipanda basi la asubuhi stesheni ya Nagano, saa nzima ya kona juu ya kona (nauli haikufika yeni elfu mbili), na sikushuka mpaka mwanzo wa njia ya Okusha. Njia yenyewe ni kama kilomita mbili. Nusu ya kwanza ni tambarare. Ukilivuka lango jekundu la Zuishinmon, lenye paa la nyasi lililootwa na majani mabichi, unaingia katikati ya mierezi ya Kijapani yenye miaka 400 hivi. Wakati huo watu hawajajaa. Dubu ndio wanaotangazwa kwenye vibao! Wenzangu walikuwa na kengele za kununua. Mimi nilifunga funguo na kijiko kwenye begi, nikawa natembea kama mbuzi wa mfugaji. Kijiko kilifanya kazi, dubu sikumwona.

Mwisho kuna ngazi kali, jiandae. Okusha ni ya Ame-no-Tajikarao, mungu mwenye nguvu ambaye hadithi za Kishinto zinasema aling'oa mlango wa pango alimojificha mungu wa jua. Wanasema aliurusha ukaangukia hapa, ukawa mlima. Aliyebuni mpango wa kumtoa pangoni anaabudiwa Chusha, na aliyecheza ngoma mbele ya pango yuko Hinomikosha. Kuzuryusha iko pale pale jirani na Okusha. Majira ya baridi usiende kwa mpango huu, theluji huko si ya mchezo.

Nikateremka kwa miguu hadi Chusha kuchukua karatasi ya bahati. Hapa huchagui mwenyewe: unataja umri, kuhani anakuombea, kisha anakutolea yako. Ila umri ni wa hesabu ya zamani, ukizaliwa tayari una mwaka mmoja, na kila Mwaka Mpya unaongezewa mwingine. Nikazeeka pale pale dirishani.

Soba nikaiwahi kabla ya foleni. Tambi za baridi, vifungu vidogo vidogo juu ya ungo, na mchuzi wa kuchovya pembeni. Mwishoni wanaleta maji ya moto zilimochemshiwa. Yamimine kwenye mchuzi uliobaki unywe. Meza ya jirani waliyaacha. Nilitamani kuyaomba.