Gemu ya kibandani na gemu ya sebuleni ni vitu viwili

Mimi nikiulizwa gemu gani ya PS (PlayStation) ni kali kuliko zote huwa sijibu haraka, nauliza kwanza inachezewa wapi. Maana kuna gemu ya kucheza peke yako sebuleni umejifungia, na kuna gemu ya kibandani, pale mtaani mnapolipia kucheza, na hizi hazifanani hata kama diski ni ile ile. Ubishi wetu hapa Kigoma kila siku unakwama hapo hapo, huyu anataja God of War, yule anataja GTA, mwingine kaegemea mlangoni anasema nyie wote hamjui kitu, Tekken, ile ya kupigana, ndo baba lao, na hakuna anayemwelewa mwenzake kwa sababu kila mtu anasifia kitu alichokicheza kwenye mazingira tofauti.

Basi leo natoa ya kwangu, mwenye kununa anune.

Kwangu namba moja ni PES 6, ile gemu ya mpira ya Konami ya 2006, kwenye PS2. Najua madogo wa FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa inaitwa FIFA, mmeshaanza kucheka, subirini kwanza. Kibandani sheria mama ni moja tu, aliyefungwa analipa na anaachia pedi, mshindi anabaki anasubiri mwingine. Kwa hiyo gemu inayofaa pale ni ile ambayo mechi inaisha mapema, wa kwenye benchi wanaelewa kinachoendelea hata kama hawajashika pedi, na mgeni kabisa anaweza kukaa akafundishwa kwa sekunde chache: eksi pasi, boksi shuti, duara mpira mrefu, pembe tatu pasi ya kupenyeza, R1 mbio. Kwisha habari, cheza. Ila sasa ndani yake kuna mambo ambayo mtu anajifunza miaka, mfano kipa katoka anakufuata, unabana L1 na boksi mpira unabetuka juu ya kichwa chake unadondoka wavuni taratibu, hapo kibanda kizima kinasimama na aliyefungwa anasingizia pedi.

Na kile kimstari cha nguvu ya shuti, jamani. Ukibonyeza boksi kidogo mno mpira unamfikia kipa kama zawadi, ukizidisha nusu sekunde umepaisha. Hakuna mtu wa kukusaidia, ni kidole chako na moyo wako. Mi naona hiki ndo kitu kilichofanya PES iwe na wafalme mtaani, kwamba mtu anayekufunga unajua kabisa kakuzidi mkono.

Isipokuwa kachukua Inter. Aliyechukua Inter anamtafuta Adriano tu, jamaa alikuwa na nguvu ya shuti 99 na mguu wa kushoto ambao haukuwa wa haki, unamkuta yuko mbali na goli, kageuka, boksi, goli. Kuna kibanda kule Ujiji mwenyewe alichoka na ugomvi akaandika ukutani kwa chaki INTER MARUFUKU, na watu wakaheshimu kuliko matangazo ya serikali za mitaa. Chelsea nao humo walikuwa wanaitwa London FC na Liverpool wanaitwa Merseyside Red kwa sababu Konami hawakuwa na leseni zao, basi shabiki wa Chelsea anakaa anauliza timu yangu iko wapi, anaoneshwa, anagoma, anasema hiyo sio.

Kuna sheria nyingine ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Kupozi, yaani kusimamisha gemu, wakati mwenzako anataka kupiga shuti ni kosa, ukibonyeza stati pale unamwachia mwenzio goli la bure na hakuna rufaa. Penalti unaficha pedi ndani ya fulana, maana mwenzio akikiona kidole kinaelekea wapi kipa anaruka huko huko, nimeona watu wazima wenye familia zao wamejikunyata wamegeukia ukuta wanapiga penalti. Na wavuvi wa Kibirizi kipindi cha mbalamwezi usiwaguse, dagaa hawavuliwi kwa taa mwezi ukiwaka, kwa hiyo wanashinda kibandani mchana kutwa wanafanya mazoezi, wakirudi ziwani wameacha madeni ya watu kwenye daftari.

Sasa sifa nyingine ya PS2 ambayo watu hawaitaji ni memori kadi. Kile kidude cha 8MB, leo hata picha moja mbili za simu zinakijaza, lakini ndani yake kulikuwa na maisha ya mtu. Unaanza Master League na wale akina Castolo, Minanda, kipa Ivarov, watu ambao hawapo duniani, timu mbovu mbovu, unahangaika nao unapata pointi unanunua mmoja mmoja mpaka inakuwa timu. Halafu ile kazi yote unaichomoa unaitia mfukoni, unaenda nayo kibanda kingine, hata umeme wa mtaani kwenu ukiwa haupo. Na Kigoma umeme tunaujua, enzi zile za majenereta kabla hatujaunganishwa gridi ya taifa ilikuwa dakika ya themanini na ngapi unaongoza, pwaa, giza, kelele, halafu linaanza zogo la nani alipe. Kuna dogo alikuwa anaivaa memori kadi shingoni kwa kamba ya kiatu, na akioga haivui mbali, anaining'iniza kwenye msumari wa mlango wa bafu anaiona.

Twende GTA San Andreas. Siibezi, ilitoka 2004 na mpaka leo sijaona gemu iliyomwachia mtu uhuru namna ile kwenye mashine ndogo vile, CJ, yule unayemchezesha, anakula ananenepa, anaenda jimu anajaa kifua, anaogelea, anapanda baiskeli, ukitaka misheni unafanya ukitaka unazurura. Zile kodi za kuchiti tulikuwa tunaziandika nyuma ya madaftari ya shule, na ile ya afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000 naikumbuka bila kuangalia popote, R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Mitihani ya jiografia imenitoka kichwani, hii haitoki.

Lakini kibandani GTA ni hasara. Unalipia dakika, nusu ya dakika zako unaendesha gari kwenda kwenye misheni, unakufa, unaanza tena, na kuseivu mpaka ufike nyumbani. Ina hata kale kasehemu ka kucheza wawili ila mnagombania kamera moja, huyu anaenda huku yule anavutwa, mnaishia kununiana. GTA ni ya sebuleni bana, likizo ndefu, mama kaenda sokoni.

God of War ya 2005 hivyo hivyo. Kratos, shujaa wake, anachezeshwa na mtu mmoja, kumi wameketi wanaangalia kama wako sinema, wanashangilia, wanaelekeza nenda kushoto kuna sanduku, na mwenye kibanda anawaangalia hao kumi anapiga hesabu ya hela ambayo haipati. Ndo maana vibanda vingi diski hiyo inasemekana haisomi. Inasoma sana tu.

Tekken ndo pekee naipa heshima ya kukaa meza moja na PES. Raundi inaisha chap, ubishi unamalizwa pale pale, na Tekken 5 kwenye PS2 walikufungia humo humo na zile Tekken tatu za mwanzo za mashine za sarafu, diski moja unapata ukoo mzima. Tatizo langu na Tekken linaitwa Eddy Gordo. Yule Mbrazili wa kapoera toka Tekken 3 ameharibu urafiki wa watu wengi, wewe umekaa umejifunza kombo, umejipanga, anakuja mtu hajawahi kushika pedi anafinya vitufe vyote hovyo, miguu inazunguka kama feni, umelala. Halafu anaondoka anasema hii gemu rahisi. Kwenye PES asiyejua hawezi kukufunga kwa bahati tano bila, kwenye Tekken anaweza, na hilo kwangu linaiweka namba mbili.

PS4 na PS5 nazo nisizionee. Tena FIFA 20 ilikuwa na kitu kimoja ambacho PES yangu haiwezi kunipa, nacho ni Samatta. Unafungua Genk ya Ubelgiji unamkuta yupo, jina lake, namba yake, Mtanzania. Na Novemba 2019 alipowafunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield, hata kama Genk walilala 2-1, wiki nzima kibandani watu wanachukua Genk, timu ambayo kabla ya hapo wengi hawakujua hata ni ya nchi gani. Alivyohamia Aston Villa Januari 2020 vijana nao wakahama naye kwa pamoja. Hiyo ilikuwa raha ya aina yake na sitaki kuifananisha.

Na pedi ya PS5 ni habari nyingine, niliishika kwa jamaa mmoja aliyerudi kutoka Dar, kile kitufe cha R2 kinabadilika ugumu kulingana na unachofanya, ukivuta upinde unausikia unakaza, ule mtikisiko nao sio ule wa brrrr wa zamani, unausikia unatembea mkononi. Nilinyamaza kidogo.

Ila jamani diski unaingiza halafu inakwambia subiri. Inainstoo, ikimaliza inataka apdeti, makumi ya GB, na wewe bando lako unalihesabia. PS2 ilikuwa weka diski, lodi, cheza, na ikiwa imechipiwa hata diski ya kuchoma inakubali, kikigoma unafungua mfuniko unafuta lenzi na pamba taratibu. Halafu kitu kinachoniuma zaidi, gemu za kukaa wawili kwenye kioo kimoja zinapungua. Need for Speed za PS2, Underground 2 kwa mfano, mlikuwa mnagawana kioo mnakimbizana, ile ya 2015 bila intaneti haiwaki kabisa na kioo hakigawanyiki. GTA V nayo unataka kucheza na mwenzako aliyekaa pembeni yako, haiwezekani, kila mtu awe na mashine yake na intaneti yake. Sasa hapo kibanda kinafanya nini?

Kuna moja imenifariji, It Takes Two ya 2021, hiyo peke yako haichezeki, ni lazima muwe wawili. Mume na mke wanataka kuachana wanageuzwa wanasesere, na ili warudi kuwa watu lazima washirikiane, mmoja anashika misumari mwingine nyundo, mmoja akizembea wote mmekwama. Nimecheza na dada yangu ambaye gemu kwake ilikuwa kelele tu, akawa ananigombeza mimi kwamba nachelewa kuruka. Ile ni ya sebuleni, lakini ina roho ya kibanda.

Konami wenyewe ndo wamenivunja moyo. PS2 ilizinduliwa 2000 na wao wakaendelea kuitengenezea PES mpaka PES 2014, hapo PS3 iko sokoni na PS4 inaingia, ndo ujue watu walikuwa bado wanaicheza, na si ajabu kwa mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 155. Halafu 2021 wakafuta jina la PES, wakaita eFootball, bure, ikatoka haina Master League, na sura za wachezaji humo dunia nzima ikazicheka. Mtu ana mali namna ile anaitupa mwenyewe. EA, wenye FIFA, nao wameachana na jina hilo toka 2023, ila wao angalau mpira wenyewe hawakuuvuruga.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri anafungua kibanda leo pale Mwanga au Gungu, namwambia weka PS4 mbili zenye FC kwa ajili ya madogo, hawa ndo wengi na hela ni zao, halafu pembeni kabisa weka PS2 moja, PES 6 na Tekken 5, televisheni yoyote ile. Pedi nunua za akiba, hasa angalia kitufe cha boksi maana ndo kinakufa cha kwanza. God of War iache nyumbani. Na wewe unayesema Tekken inaizidi PES kibandani, sababu ya kwamba raundi inaisha haraka nimeshaikubali, niletee nyingine, ila usimtaje Eddy.