Wati si uniti: kwa nini inveta inalia na betri ina chaji

Neno "kwa" limetuponza. Tunasema "kilomita 60 kwa saa" tukimaanisha mwendo, halafu tunasema "kilowati kwa saa" kana kwamba ni kitu cha namna hiyohiyo. Sivyo. Uniti 1 ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa: kilowati 1 iliyotumika muda wa saa 1. Unazidisha, hugawanyi. Wati ni kasi ya kula umeme, uniti ni jumla ya umeme ulioliwa. Birika la wati 2000 likichemka dakika 5 linakula wati-saa 167 tu. TV ya wati 60 ikiwashwa saa 6 inakula 360.

Kwenye sola kosa hili linaumiza mfuko. Chukua betri ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Ndani mna wati-saa 1200 (12 mara 100), na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Sasa funga inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 1000, chomeka pasi ya wati 1000. Kupiga pasi robo saa ni wati-saa 250, kwa hiyo akiba inatosha kabisa. Mbona inveta inalia, kisha inazima?

Wengi hapo hukimbilia kununua betri ya pili. Shika waya kwanza, uone kama umepata moto. Wati 1000 kwenye volti 12 ni ampea 83, na ukiongeza upotevu wa inveta zinakaribia 95. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4, mita 2 kwenda na 2 kurudi, unapoteza volti 1.6 hivi. Betri inasoma 12.2, inveta inapata 10.6, na inveta nyingi hulia zikikaribia 10.5. Betri yenyewe nayo hushuka ikibebeshwa mzigo huo. Weka waya wa milimita za mraba 35, mfupi usiozidi mita 1, na fyuzi karibu na betri.

Friji ina lake: kompresa, yaani mota yake, ya wati 100 huvuta mara kadhaa ya hizo inapoanza, kwa muda mfupi tu. Uniti haziongezeki kwa kitu, lakini inveta ndogo inazidiwa.

Na inveta ya wati 3000 haiongezi hata wati-saa moja kwenye betri ileile. Tena ikiwa inakula wati 10 bila kubeba chochote, kwa siku nzima ni 240, kutoka kwenye zile 600. Izime usiku.