Risasi fupi za zamani kwenye shotgani ya kisasa

Boksi la risasi za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) lilikuwa na maandishi 65 mm. Chemba ya shotgani yangu ya pampu, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni 76 mm. Nikamuuliza mzee mmoja fundi wa bunduki hapa Mombasa. "Mwanangu, fupi ndani ya ndefu haina neno. Ndefu ndani ya fupi ndiyo ya kuogopa."

Urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Kwa hiyo risasi ya 70 mm huweza kuingia vizuri tu kwenye chemba ya 65 mm, halafu ikilipuka mdomo ukakosa nafasi na shinikizo likapanda vibaya. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usikisie kwa jicho.

Kazi kubwa ilikuwa unyevu wa pwani. Maganda ya karatasi huvimba. Nilizipanga zote juu ya gazeti nikazipitisha vidole moja moja: yenye kitako cha shaba kilichoota ukijani, au ganda lililovimba, nikaitenga na kuisalimisha polisi.

Zilizobaki zilikuwa zikikwama njiani kutoka magazini, yaani hifadhi ya risasi ndani ya bunduki. Sasa naitia kila moja kwa mkono, moja kwa moja ndani ya chemba. Inachelewesha, lakini kwenye uwanja wa shabaha nani ana haraka?

Mlio ukitoka hafifu, acha. Toa risasi, hakikisha bunduki ni tupu, kisha ukague mtutu. Kizibo (kinachotenga baruti na gololi ndani ya risasi) kilichobaki humo kinatosha kuupasua kwa risasi inayofuata.