Huyo uliyemwita mpumbavu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikaa rohoni. Ibada ilikuwa imekwisha, kijana wa vyombo anakunja nyaya, maikrofoni ikamponyoka ikagonga sakafu. Mzee mmoja, Biblia ingali kwapani, akamfokea, "Pumbavu!" Kijana akaiokota, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea na nyaya zake bila kuinua macho. Wengine wakacheka. Mimi sikuweza.

Tunaligawa neno hili ovyo. Aliyesahau, mpumbavu. Asiyeelewa haraka, mpumbavu. Jamani, huyo ni mjinga tu, na ujinga si dhambi: hajui, atafundishwa, na kuuliza si ujinga. Maandiko yakisema mpumbavu, mara nyingi yanamtazama mtu mwingine kabisa. "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu" (Zaburi 14:1). Moyoni! Mdomoni huenda anaitikia amina kutushinda sote.

Msomeni Nabali, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni mpumbavu, 1 Samweli 25. Kondoo 3,000, mbuzi 1,000. Mtu wa hivyo hakosi akili ya hesabu. Vijana wa Daudi walikuwa ukuta kwa wachungaji wake usiku na mchana, lakini walipokuja siku ya kukata manyoya kuomba chochote kilichopo, akawajibu, "Daudi ni nani?" Mkate wangu, maji yangu, nyama yangu. Mtumishi wake mwenyewe alimweleza Abigaili, mke wa Nabali, kwamba bwana huyu hasemezeki. Hapo ndipo upumbavu ulipo. Na yule tajiri wa Luka 12, fundi wa kupanga maghala, aliitwa mpumbavu na Mungu mwenyewe.

Sasa niambieni, siku ile pale kanisani, nani alikuwa hasemezeki?

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba Yesu naye aliwaita watu wapumbavu (Mathayo 23:17). Ndiyo, aliwaambia walimu wakubwa waliokataa kuona. Hakumwambia mtoto aliyeangusha kitu. Ni Yesu huyohuyo aliyesema anayemtukana ndugu yake hivyo anaichungulia jehanamu (Mathayo 5:22). Na Mithali 29:20 inatuumbua: mwenye haraka ya maneno, heri umtumaini mpumbavu kuliko yeye.

Wazazi, walimu wa shule ya Jumapili, viongozi wa kwaya, nasema nanyi kwa upendo lakini nasema: acheni. Mtoto anayeitwa mpumbavu na mtu anayempenda habishani, analiamini. Kesho ukimtuma asome Neno mbele ya watu anajificha nyuma ya wenzake, nawe unauliza vijana wa siku hizi wana nini. Mungu alimuumba kwa mfano wake, wewe umembandika jina la Nabali kwa sababu ya maikrofoni.

Kama kuna uliyemwita hivyo wiki hii, mtafute leo, jua lisichwe. Mwombe msamaha kwa jina lake, na usianze na "lakini na wewe ulizidi."