Lebo isiyo na saa: siku yangu moja kati ya muswada na mimea mikavu

Saa 11:00 alfajiri

Naandika kabla sijasoma ujumbe wa mtu yeyote. Saa mbili hizi ni za kitabu, nikizikosa sizipati tena mpaka kesho. Sura ninayohangaika nayo inawahusu watafiti wawili, Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland, walioondoka kwa meli La Coruña, Hispania, mwezi Juni 1799 na kuzunguka mabara ya Amerika kwa miaka mitano. Humboldt anatajwa kila mahali. Bonpland, ambaye mikono yake ndiyo iliyochuma na kukausha sehemu kubwa ya mimea waliyorudi nayo, hupewa sentensi moja. Mimi nimeishi na mimea iliyokaushwa miaka mingi mno kukubali jambo hilo.

Aya ya leo ni kuhusu mti mrefu wa misitu ya Amerika ya Kusini ambao waliupa jina Bertholletia, kwa heshima ya rafiki yao Claude Louis Berthollet. Berthollet alikuwa mwanakemia, si mtu wa mimea. Lakini jina lake limebaki kwenye mti huo zaidi ya miaka 200, na kila anayeutaja kisayansi anamtaja rafiki wa watu wawili waliokuwa safarini. Nimeifuta aya hiyo mara tatu, ya nne nikaiacha.

Saa 2:00 asubuhi

Hebaria. Asiyewahi kuingia humo afikirie makabati marefu ya chuma, na ndani yake karatasi ngumu, kila moja imebandikwa mmea uliokaushwa na lebo pembeni: jina la mmea, mahali, mwinuko, tarehe, jina la mchumaji na namba yake. Dunia ina hebaria zaidi ya 3,000, zenye sampuli zinazokaribia milioni 400. Sampuli mpya hukaa kwanza kwenye jokofu la kugandisha kwa siku kadhaa ili wadudu wafe. Harufu ya makabati yale bado hunifurahisha kama siku ya kwanza.

Mezani kwangu kuna sampuli mbili nilizochuma mwenyewe, namba 212 na 219. Tulikuwa safari moja, mimi na rafiki yangu tuliyeanza naye kazi hii tukiwa wanafunzi. Mmea ni wa kutambaa, na nimeupenda tangu siku ile. Lebo ya 212, kwa mwandiko wangu, inasema "maua meupe". Ya 219 inasema "maua ya waridi". Sasa yote mawili ni kahawia, kwa kuwa mmea ukikauka rangi ya ua ndiyo hutangulia kwenda. Kwa miezi minne nimekuwa nikiandika makala inayosema hizi ni spishi mbili.

Saa 4:00 asubuhi

Nimelainisha ua moja kutoka kila sampuli katika maji ya moto yenye tone la sabuni, nikayafungua chini ya hadubini. Nimepima mrija wa ua, nikahesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, nikatazama vinyweleo vya kikonyo. Vipimo vinaingiliana. Majani nayo ni hivyo hivyo. Nilitaka sana vitofautiane, na nadhani kutaka huko ndiko kulikonifanya nirudie kupima mara tano.

Saa 6:00 mchana

Barua pepe, fomu, kikao kifupi.

Saa 8:00 mchana

Nimempigia rafiki yangu. Siku hizi anafanya kazi mbali sana, tunaonana kwa nadra, lakini kila rasimu yangu hupita kwake kwanza. Nilimsomea vipimo. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja:

"Ndugu yangu, uliyachuma saa ngapi?"

Nikatazama lebo. Tarehe ipo. Mwinuko upo. Saa haipo.

Akaenda kutafuta daftari lake la safari ile, nikamsubiri huku nasikia kurasa zikifunuliwa. Yeye huandika saa ya kila kitu. Zamani nilikuwa nikimwambia anapoteza muda. "212, alfajiri, umande haujakauka," akasoma. "219, saa kumi na mbili kasoro jioni, siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunarudi kambini kwa njia ile ile."

Sikusema kitu kwa muda. Kuna mimea ambayo ua lake hubadilika rangi likizeeka. Combretum indicum hufungua maua meupe jioni, kesho yake yakawa ya waridi, kisha mekundu. Nondo wa usiku huvutwa na yale meupe, na rangi zikigeuka huja wageni wengine wa mchana. Hayo nayajua, nimeyafundisha. Hayakunijia hata mara moja nilipokuwa natazama mmea wangu mwenyewe.

Saa 10:00 alasiri

Nimetoka kutembea, na kichwani nilikuwa na Charles Darwin. Katika visiwa vya Galápagos, mwaka 1835, hakuandika kwa uangalifu ndege gani katoka kisiwa gani. Mapema mwaka 1837 mtaalamu wa ndege John Gould alimwambia kwamba wale ndege wadogo ni kundi moja la spishi zenye udugu wa karibu, na hapo visiwa vikawa na maana. Ikambidi Darwin arejee kwenye ndege waliokusanywa na wenzake wa melini, kapteni FitzRoy na Syms Covington, msaidizi wa Darwin mwenyewe, ambao waliandika visiwa. Mimea yake ya huko alikuja kuichambua rafiki yake Joseph Hooker. Nilikuwa najua kisa hiki kama habari ya kuandikwa kitabuni. Leo nimekielewa kwa mwili.

Saa 12:00 jioni

Nimemwandikia mhariri wa jarida kuiondoa makala. Inauma, sitaficha. Lakini bado sisemi kwamba ni spishi moja. Daftari linatuambia saa, halituambii kama ua lile lile linageuka. Hilo litajulikana kwa kukaa mbele ya mmea ulio hai kuanzia alfajiri mpaka giza, na kuweka alama ya uzi kwenye kila ua. Rafiki yangu amesema msimu wa maua ukifika atakuja. "Tutapokezana," amesema. "Wewe usiku, mimi mchana."

Saa 3:00 usiku

Nimefungua faili ya lebo ninazochapisha kabla ya kila safari. Chini ya "Tarehe" nimeongeza mstari: "Saa". Kwenye "Mchumaji" palikuwa na jina langu peke yake. Nimeweka mawili, la kwake likitangulia, nikachapisha karatasi arobaini.