Vumbi la jangwani, au utando wa buibui?

Leo Malindi, saa sita mchana, fotomita ya jua, chombo kinachopima mwanga wa jua unaofika chini, ilituambia anga limejaa vumbi. Namba ya unene wake, yaani jinsi anga linavyozuia mwanga, ilipanda kwa 0.1.

Jioni namba hiyo ikashuka yenyewe.

Ni msimu wa Kaskazi, kwa hivyo vumbi la Arabuni halikuwa jambo la ajabu. Tena rangi zote zilififia kwa kiasi kimoja, kuanzia mawimbi ya mwanga ya nanomita 440 (buluu) hadi 1020 (yasiyoonekana kwa macho). Hiyo ni alama ya chembe kubwa. Moshi huzuia zaidi mwanga wa buluu.

Ila vumbi halifuati kupanda na kushuka kwa jua namna ile.

Ndani ya bomba la lenzi ya fotomita palikuwa na utando wa buibui. Uzi mwembamba, umeshika punje za chumvi ya bahari, zinameta.

Hesabu yake: mwanga ukipotea asilimia 10, jua likiwa utosini kosa ni 0.1. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, miale hupita hewa maradufu, kosa hugawanywa kwa mbili, linabaki 0.05. Kwa hiyo kilele cha uongo huja adhuhuri.

Modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa ikilishwa namba hiyo itaweka vumbi pasipo na vumbi, kisha italisafirisha na upepo. Inauma.

Bomba lipulizwe. Chumvi kwenye lenzi msiifute kavu, inakwaruza. Ilainisheni kwanza kwa maji yaliyokenekwa.

Ndugu zangu wa Lamu, leo upeo wa bahari mliuona wazi au ulififia? Wekeni picha hapa, na saa mliyopiga.